Kisu cha kukunja: tujue kukichagua kabla ya kutoa franga zetu



Juma hili tuzungumze kuhusu kisu cha kukunja. Wako watakaosema kwamba hilo ni jambo la wanaume. Lakini tuangalie vizuri: ni nani anayekata kamba za mizigo sokoni? Ni nani anayefungua mifuko ya unga, anayekata vijiti vya mihogo vya kupanda, anayechuma sombe na matembele shambani? Ni sisi. Na kisu cha jikoni ukikitia hivi hivi katika kitunga, kinatoboa kitunga, au kinakata mkono unaotafuta franga ndani yake. Ndiyo maana wengi wetu tunapenda kisu kinachojikunja na kuficha makali yake.

Shida ni hii: kisu kibaya cha kukunja kinajifunga chenyewe wakati wa kazi, na vidole viko mbele ya makali. Mshipa wa kidole ukikatika, mama hatwangi, hafui, halimi kwa majuma mengi, na pengine kidole hakikunjiki tena kamwe. Basi kisu rahisi kinaweza kuwa ghali kupita vyote.

Tuanze na ukweli mmoja

Hakuna kisu cha kukunja kinachopita kwa nguvu kisu kizima, kile ambacho chuma chake kinaingia ndani ya mpini bila kiungo. Penye kiungo ndipo penye udhaifu. Kwa hiyo tusipasulie kuni kwa kisu cha kukunja, tusikipige kwa nyundo, tusifungulie vifuniko vya chuma, wala tusikizungushe ndani ya mfupa. Kazi hizo ni za panga na shoka. Kisu cha kukunja ni cha kukata: kamba, mifuko, majani, matunda, nyama isiyo na mfupa.

Kizuizi ndicho roho ya kisu

Kitu cha kwanza cha kutazama ni kile kinachozuia kisu kisijifunge. Aina zake ni kama hizi:

Kuna kisu chenye resori tu. Ukikisukuma kwa nguvu kinafunga. Hicho kinatosha kumenya chungwa, lakini si cha kazi ngumu.

Kuna kisu chenye pete ya chuma inayozunguka shingoni mwa mpini. Opinel kutoka Ufaransa ndiye anayejulikana sana. Joseph Opinel alianza kukitengeneza katika jimbo la Savoie mwaka 1890, na pete iliongezwa mwaka 1955. Ukizungusha pete, bapa la kisu halirudi. Lakini pete haijizungushi yenyewe: ukisahau, ni kama haipo. Na mpini wake ni wa mti, hivyo ukilowa sana unavimba na kisu kinakuwa kigumu kufungua.

Kuna kisu chenye meno mgongoni na pete ndogo ya kuvuta. Ukikifungua kinalia kra-kra-kra. Huyo ni Okapi, na jina lake limetoka kwetu: okapi ni mnyama wa msitu wa Ituri, ambaye wataalamu wa Ulaya walimwandika katika vitabu vyao mwaka 1901. Mwaka uliofuata, kisu hicho kilianza kutengenezwa Ujerumani ili kiuzwe Afrika. Siku hizi kinatengenezwa Afrika ya Kusini. Ni kisu chepesi na cha bei ndogo. Tukitumie kwa kazi nyepesi, na tusiyaamini mno meno yake kama yameanza kulegea.

Kuna kisu chenye chuma cha mgongoni kinachoingia katika pengo la bapa. Ili kukifunga unabonyeza mgongo wa mpini. Kikitengenezwa vizuri, ni chenye nguvu, na vidole havipiti njia ya makali wakati wa kubonyeza.

Mwisho kuna kile chenye bamba jembamba ndani ya mpini, linaloruka na kukaa nyuma ya bapa. Ni kizuri pia, lakini wakati wa kukifunga kidole gumba kinakaa njiani. Tutoe kidole kabla bapa halijashuka.

Majaribio matano sokoni

Muuzaji akisema “Mama, hiki ni cha kweli”, tumjibu kwa upole: “Ngoja tukipime kwanza.” Anayekataa kisu chake kipimwe, tumwachie.

1. Tukifungue na kukifunga mara kumi. Kifunguke bila kukwama, na kizuizi kishike kila mara.

2. Kikiwa wazi, tulishike bapa kwa upande usio na makali, tulitikise kushoto na kulia. Likicheza, kiungo ni kibovu.

3. Tushike mpini kwa pande zake mbili, vidole vikiwa mbali na mfereji unaopokea makali. Kisha tugonge mgongo wa bapa polepole juu ya ubao. Kikijifunga, tukirudishe.

4. Tukifunge, tutazame kama bapa linalala katikati ya mfereji. Likigusa upande mmoja, litaharibu makali yake lenyewe.

5. Tushike mpini kwa nguvu. Usiteleze, usiumize kiganja, wala usiwe mfupi kuliko mkono. Opinel namba 8, kwa mfano, ina bapa la sentimeta 8 na nusu, na hiyo inatosha kazi nyingi za nyumba na shamba.

Tuchunge pia visu vya kuiga. Maandishi yaliyopakwa rangi yanayotoka kwa ukucha, au misumari iliyokaa upande, ni alama mbaya.

Chuma gani?

Chuma cha kaboni kinanoleka upesi hata kwa jiwe la kawaida, lakini kinashika kutu kikibaki na maji, na ndimu inakifanya cheusi. Chuma cha inoksi kinavumilia maji zaidi, ila kwa kawaida kinahitaji subira zaidi wakati wa kunoa. Mama anayeuza samaki achague inoksi. Mama wa shamba mwenye jiwe zuri nyumbani anaweza kuchagua kaboni.

Kunoa na kutunza

Kisu butu ni hatari kuliko kisu kikali, kwa sababu kinataka nguvu, na nguvu inakifanya kiteleze. Kwa kunoa, tuchukue kona ya karatasi ya daftari: hiyo ni digrii 90. Tuikunje katikati, ni 45. Tuikunje tena, ni 22 na nusu. Mlalo huo ndio tunaotafuta kati ya kisu na jiwe. Watoto wetu wa masomo watafurahi kuona hesabu yao inafanya kazi jikoni.

Baada ya kazi tukioshe, tukikaushe hata ndani ya mfereji, kisha tutie tone la mafuta ya mashini ya kushona katika kiungo. Mafuta ya ngazi yanaganda na kukusanya vumbi, tusiyatumie hapo.

Watoto na jeraha

Kisu kikae juu, mahali mtoto hafiki. Ukimpa mwenzako kisu cha kukunja, mpe kikiwa kimefungwa. Na tusiwaache vijana wetu wakitembee nacho mfukoni kwa kujionyesha: kisu ni chombo cha kazi, kazi ikiisha kirudi mahali pake.

Mtu akijikata, tubane jeraha kwa kitambaa safi mpaka damu isimame, kisha tulioshe kwa maji safi na sabuni. Jeraha likiwa refu kwenda ndani, kidole kikikataa kukunjika au kikifa ganzi, twende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Hata kama jeraha ni dogo, tuulize kuhusu chanjo ya pepopunda. Tusilipake udongo wala mavi ya ng'ombe.

Tunaomba nini kwa vikundi?

Katika mkutano ujao, kila mama alete kisu chake. Tuvipime pamoja kwa majaribio haya matano, na vile vinavyojifunga tuviweke kando. Kikundi chenye sanduku la akiba kinaweza kununua jiwe moja zuri la kunolea kwa wote, na wamama wanaohitaji kisu waende sokoni watatu au wane pamoja. Muuzaji anapunguza bei kwa anayenunua vingi, na macho mengi hayadanganywi upesi.

Mikono yetu ndiyo inayolisha nyumba. Tuitafutie kisu kinachostahili.