Japani: Hekalu la mlimani ambako mtu hasimulii alichokiona

Anayefika Yudono, katika mkoa wa Yamagata, kaskazini mwa Japani, kwanza anavua viatu. Kuhani anamtakasa, kisha anaingia miguu mitupu. Telefone inabaki mfukoni, maana kupiga picha ni marufuku. Akitoka, hatakiwi kusimulia alichokiona, na aliyebaki nje hatakiwi kumuuliza.

Sheria hiyo ni ya zamani. Mwaka 1689 mshairi Matsuo Basho alipita hapo, akaandika katika kitabu chake cha safari kwamba hana ruhusa ya kueleza zaidi, akaweka kalamu chini. Kinachojulikana ni kwamba hakuna jengo la hekalu. Katika Shinto, dini ya asili ya Wajapani, mti, maporomoko ya maji au mlima unaweza kuwa makao ya mungu. Yudono, kinachoheshimiwa ni mahali penyewe.

Yudono ni mwisho wa hija ya milima mitatu, Dewa Sanzan. Safari inaanzia Haguro, mlima mfupi wa metre 414, ambao ni wa maisha ya sasa. Ngazi 2446 za mawe zinapanda katikati ya mierezi yenye miaka mamia. Mmoja wanauita Babu, na inasemekana umepita miaka 1000. Magari nayo yana barabara yao hadi juu, lakini anayepanda kwa gari anakosa nusu ya safari.

Kisha kuna Gassan, metre 1984, mlima wa wafu. Sababu ya theluji, hekalu la kileleni linafunguliwa tu wakati wa kiangazi, kuanzia Julai. Ndiyo maana Haguro inahifadhi miungu ya milima yote mitatu, ili maombi yasikatike.

Wanahija wanavaa nyeupe, rangi ambayo Wajapani huwavalisha maiti. Anayepanda anajihesabu amekufa. Yudono anazaliwa upya.

Mapokeo haya yalikaribia kufutwa. Mwaka 1868 serkali iliamuru Shinto itenganishwe na Ubuddha, dini mbili zilizokuwa zimechanganyika hapo kwa karne nyingi, na mwaka 1872 ikapiga marufuku chama cha watawa wa milimani, yamabushi. Mnara wa Kibuddha wa ghorofa tano, wenye metre 29, ulinusurika msituni. Yamabushi nao walirudi. Leo wanapuliza kombe la baharini na kufundisha wageni, ambao kwa kila amri wanaruhusiwa jibu moja tu: "uketamo", yaani nimepokea.