Timazi Iliyo Sikioni

Abiria aliyeegemeza kichwa kwenye dirisha la matatu kati ya Kitale na Bungoma huona nguzo za umeme zimesimama wima, ingawa taswira yake ndani ya jicho imelala upande. Macho peke yake yasingeweza kazi hiyo. Katika sikio la ndani mna vijifuko viwili vyenye vijiwe vidogo sana vya chokaa, vimekaa juu ya utando laini. Kichwa kikiinama, uzito wa vijiwe huukokota utando na kupinda vinyweleo vilivyo chini yake, na ubongo ukajua chini ni wapi, kama fundi anavyosoma timazi. Shingo na nyayo nazo hutoa ushahidi wao.

Timazi hii hukosea. Mwaka 1861 Mjerumani Hermann Aubert alieleza kwamba akilaza kichwa begani gizani, mstari wa mwanga uliosimama wima ulionekana umeinamia upande wa pili. Chumba kikipata mwanga, ulinyooka. Ubongo uliokosa vitu vya kutazama huivuta wima kuelekea mwili wenyewe. Ndiyo maana nashauri mzee anayeamka usiku aachiwe taa ndogo, aone fremu ya mlango.

Macho nayo huweza kulishinda sikio. Kituluni, Machakos, watu humwaga maji barabarani wakayaona yakipanda mlima. Maji yanateremka, miteremko ya jirani ndiyo inayodanganya, kwa kuwa upeo halisi wa macho hauonekani wazi.

Hospitalini, kosa la kuhisi wima hupimwa kwa ndoo. Mgonjwa huingiza uso ndani asione kingine ila mstari uliochorwa kitakoni. Mpimaji huizungusha ndoo polepole mpaka mgonjwa aseme mstari umesimama wima. Nje ya kitako kuna protrakta na uzi wenye uzito, vinavyoonyesha amekosea kwa nyuzi ngapi. Mwenye afya kwa kawaida hakosei zaidi ya nyuzi 2 au 3. Aliyeumia sikio la ndani upande mmoja, au aliyepata kiharusi kwenye shina la ubongo, huweza kukosea zaidi sana.

Ndoo, uzi na protrakta ya mwanafunzi hupatikana katika soko lolote la Kitale na Bungoma. Kliniki zetu ziwe navyo. Nawe msomaji, ukiona ghafla dunia imeinama, au kizunguzungu kikaja pamoja na ulimi mzito, kuona vitu viwiliviwili au kushindwa kutembea, usingoje kesho: nenda hospitali saa hiyo hiyo.