Sura ya Tano: Tumbili wa Hartlepool na Ushahidi wa Ukimya

Sura hii ilikusudiwa kupitia kwa zamu aina tatu za ushahidi ambazo mwandishi wa historia ya mji mdogo huzitegemea: maandishi, masimulizi, na vitu vinavyoshikika. Mji uliochaguliwa ni Hartlepool, bandari ya kaskazini-mashariki mwa Uingereza, kwa kuwa una vyote vitatu kwa wingi. Tatizo ni kwamba ukiutaja tu mji huo mbele ya Waingereza, mpango wako umekwisha. Watakatiza mazungumzo wakuulize juu ya tumbili.

Kisa chenyewe husimuliwa hivi. Wakati wa vita dhidi ya Napoleon, meli ya Kifaransa ilivunjika karibu na pwani ya mji. Mabaharia wote wakafa maji, akaokoka tumbili mmoja aliyevishwa sare ya kijeshi kwa ajili ya kuwachekesha wenzake melini. Wavuvi wakamkamata. Hawakuwahi kumwona Mfaransa, wala tumbili. Wakamhoji, wasielewe majibu yake, wakakata shauri kwamba ni jasusi, wakamnyonga palepale ufukweni.

Hakuna ushahidi hata chembe kwamba jambo hilo lilitokea. Sentensi hiyo imeandikwa mara nyingi na watu wengi, na kila inapoandikwa hujibiwa na wale wasemao kwamba ukosefu wa ushahidi hauthibitishi kitu. Basi hapa inabidi kukaa kidogo, maana hoja ya ukimya ndiyo inayotumiwa vibaya kuliko zote katika historia ya mitaa, na wanaoitetea na wanaoipinga wote huibeba kichwa chini miguu juu.

Ukimya peke yake kweli si kitu. Vizazi vya wavuvi vilizaliwa, vikaoa na kufa bila kuacha mstari mmoja wa wino, na hakuna mwenye akili atakayesema kwa hiyo hawakuwepo. Ukimya huanza kusema pale tu inapothibitika kwamba alikuwapo mtu wa kuandika, kwamba jambo lenyewe lilikuwa la aina anayoiandika, na kwamba alichoandika kimetufikia. Yote matatu kwa pamoja. Likipungua moja, mwanahistoria anyamaze.

Hartlepool inayo yote matatu. Mwaka 1816, mwaka mmoja tu baada ya Napoleon kushindwa Waterloo, Sir Cuthbert Sharp alichapisha historia ya mji huo. Alikuwa mkazi wa mji, aliyepata kuwa meya wake, mpenzi wa vitu vya kale, wa aina ile ya watu wanaonakili maandishi ya makaburini na kuhesabu nguzo za kanisa. Zaidi ya hayo, yeye mwenyewe aliwahi kuzuiliwa Ufaransa vita vilipoanza upya mwaka 1803. Mtu wa namna hiyo, anayeishi katika mji wa watu wapatao elfu moja, asikie kwamba majirani zake wamemnyonga tumbili wakidhani ni Mfaransa, kisha akae kimya? Kitabu chake hakimtaji mnyama huyo.

Anayemtaja kwanza ni mwimbaji. Ned Corvan alizaliwa Liverpool, akakulia Newcastle, akawa nyota wa kumbi za burudani za eneo zima la mto Tyne. Kazi yake ilikuwa kuzunguka miji ya jirani, na desturi ya waimbaji wa namna yake ilikuwa kuwatungia wenyeji wimbo unaowahusu wenyewe. Katikati ya miaka ya 1850 aliimba juu ya wavuvi wa Hartlepool na tumbili wao. Hapo ndipo karatasi zinapoanza, miaka arobaini na zaidi baada ya tukio linalodaiwa. Na hata kabla yake, katika miaka ya 1820, wimbo mwingine wa watu wa Tyne ulikuwa umeshawacheka waliomwona nyani wakamdhania mgeni kutoka nchi za mbali. Mzaha ulikuwa sokoni tayari. Corvan aliupa anwani.

Kwa nini anwani hiyo? Hapa ndipo kisa cha uongo kinapoanza kutoa habari za kweli. Mwaka 1847 gati jipya lilifunguliwa ng'ambo ya ghuba, likisukumwa na mfanyabiashara Ralph Ward Jackson, na kando yake ukaota mji mpya wa reli na makaa ya mawe, West Hartlepool. Ndani ya miaka michache wavuvi wa rasi ya zamani, mahali ambapo Mtakatifu Hilda aliongoza monasteri katika karne ya 7, walijikuta wakitazamana na mji uliojaa wageni waliofuata kazi. Miji hiyo miwili haikuunganishwa hadi mwaka 1967. Ni rahisi kuona ni nani angelipa kiingilio kusikiliza wimbo unaowafanya wavuvi wa ng'ambo kuwa wajinga wasiojua sura ya binadamu. Jan Vansina, aliyekusanya masimulizi Kongo, Rwanda na Burundi, alisisitiza katika kitabu chake cha mwaka 1961 kwamba kila simulizi lichunguzwe limepitia kwa nani na linamfaa nani. Somo hilo halina mpaka wa bara.

Anayetaka uthibitisho zaidi aende Boddam, kijiji cha wavuvi huko Scotland. Nako wanasimulia kwamba walimnyonga tumbili, tena mwaka 1772, kabla Napoleon hajafikisha umri wa kwenda shule. Sababu yao ni nyingine: inadaiwa mali ya meli iliyovunjika isingekuwa yao iwapo kiumbe chochote kilitoka hai. Kisa kimoja chenye sababu mbili na nyumba mbili ni kisa kinachosafiri.

Angalau hao wanasimulia kwa kucheka. Wanaochosha ni wale wa nadharia ya siku hizi, wanaojiona wamegundua ukweli uliofichwa. Wao husema aliyenyongwa hakuwa mnyama bali mtoto, mmoja wa wavulana waliobeba baruti kwenye meli za kivita, ambao mabaharia wa Kiingereza waliwaita tumbili wa baruti. Nadharia hii huzunguka kwa sauti ya huzuni, na msikilizaji huona aibu kuipinga. Aipinge bila aibu. Imekichukua kisa kisicho na ushahidi ikakigeuza kisa kingine kisicho na ushahidi, kisha ikadai sifa ya uzito. Jina lenyewe ni la Waingereza, ilhali meli inadaiwa ni ya Wafaransa. Na kumnyonga mtoto aliyeokoka baharini kungekuwa mauaji: kungehitaji mchunguzi wa vifo, hakimu, mahakama ya Durham, magazeti. Hakuna hata karatasi moja. Huwezi kuwatwika watu waliokufa dhambi ya kuua mtoto kwa sababu tu mzaha ulikuwa hautoshi.

Mwaka 2005 mfupa mkubwa uliokotwa kwenye ufuo wa Hartlepool, na mara moja wapo walioamua kwamba hatimaye marehemu amepatikana. Wataalamu walipouchunguza walikuta ni wa kulungu aliyekufa yapata miaka 6,000 iliyopita. Kulungu, kwa bahati, ndiye mnyama aliye kwenye muhuri wa kale wa mji huo. Kwa wiki hiyo moja hakuna aliyemjali.

Wenyeji wenyewe, wakati huo wote, walikuwa wamefanya jambo la busara kuliko wanaowasahihisha. Kwa miaka mingi mashabiki wa timu za jirani, hasa Darlington, waliwazomea kwa swali la nani aliyemnyonga tumbili. Msomaji anayeujua utani wa Simba na Yanga hahitaji maelezo ya kilichofuata: waliotaniwa walilichukua tusi wakalivaa. Timu ya Hartlepool United ilimpa mtu vazi la tumbili ili achangamshe uwanja. Mwaka 2002 aliyekuwa ndani ya vazi hilo, Stuart Drummond, kijana wa miaka 28, aligombea umeya akiahidi ndizi za bure kwa wanafunzi. Alishinda. Akashinda tena 2005, na tena 2009, kwa hiyo wanaoliita tukio hilo ajali ya kura za hasira wanapaswa kueleza ajali inayotokea mara tatu. Kilichomwondoa ni kura ya maoni ya mwaka 2012 iliyofuta cheo chenyewe.

Kuhusu vitu vinavyoshikika, nafasi iliyobaki inatosha onyo moja. Wageni wengi hupelekwa kwenye gati la kihistoria lenye maduka ya mtindo wa zamani na kuondoka wakiamini wameiona bandari ya kale. Gati hilo lilifunguliwa mwaka 1994. Kilicho cha kale kweli kinaelea mbele yake: HMS Trincomalee, meli iliyozinduliwa mwaka 1817 kwenye karakana ya familia ya Wadia mjini Bombay, kwa mbao za msaji, kwa sababu vita vya miaka mingi vilikuwa vimemaliza mialoni ya Uingereza. Haikupigana na Napoleon, ingawa wageni hupenda kuamini hivyo. Ilichelewa miaka miwili. Wala haikuwa ya Hartlepool hadi mwaka 1987, ilipoletwa kukarabatiwa katika mji ambao karakana zake za meli zilikuwa zimefungwa tangu miaka ya 1960. Kazi ilikamilika mwaka 2001, na fahari ya wenyeji iko kwenye ukarabati huo, jambo walilolifanya wao.

Na masimulizi? Tumbili ameyala. Lakini kuna asubuhi moja ambayo haifai kuachwa, maana inaonyesha tukio la kweli linavyofanana. Tarehe 16 Desemba 1914, saa mbili na dakika kumi asubuhi, manowari tatu za Kijerumani, Seydlitz, Moltke na Blücher, zilianza kuipiga Hartlepool. Mizinga mitatu ya pwani ilijibu, na Blücher ilipigwa. Makombora zaidi ya elfu moja yaliangukia mji kwa muda wa kama dakika arobaini. Theophilus Jones, mwalimu aliyejiunga na jeshi, anatajwa kwenye historia za Vita vya Kwanza vya Dunia kuwa askari wa kwanza wa vita hivyo kuuawa na adui katika ardhi ya Uingereza. Nje ya mji watu hukumbuka Scarborough, iliyopigwa asubuhi hiyohiyo, kwa sababu mabango ya kuandikisha wanajeshi yalitumia jina lake. Hartlepool, yenye karakana, mizinga na vifo vingi zaidi, haikufaa sana kuwa picha ya mji usio na hatia.

Waliokufa Hartlepool walizidi 100. Idadi kamili hutofautiana kutoka orodha hadi orodha, na wapenda siri huiona tofauti hiyo kuwa dalili ya kufichwa kwa jambo. Maelezo ni mepesi. Majeruhi hawakufa wote siku hiyo, na anayefunga hesabu jioni ya tarehe 16 hawezi kupata jumla sawa na anayewafuatilia majeruhi hadi miezi iliyofuata. Wapo wanaohesabu raia peke yao, wapo wanaoongeza wanajeshi, na wapo wanaoweka kando mabaharia waliofia kwenye maji ya bandari. Kabla ya kunukuu namba yoyote ya siku ile, mtafiti aiulize kwanza ilifungwa tarehe ngapi.