Mizani ya Kiswahili Ndani ya Lahani ya Kihindi: Nyimbo za Sinema na Taarabu ya Mombasa

Filamu za Kihindi kama Awaara (1951) na Mother India (1957) zilipoonyeshwa katika majumba ya sinema ya Afrika Mashariki, watazamaji wengi hawakuijua lugha ya waigizaji. Walichotoka nacho ukumbini ni lahani. Katika taarabu ya Mombasa lahani hizo zilivikwa maneno ya Kiswahili, na aliyevuma zaidi kwa mtindo huo ni Mohamed Khamis Juma Bhalo (1942–2014). Unguja, ambako vikundi vikubwa vilielekeza masikio Misri, mtindo huu haukupewa hadhi sawa.

Wapo waliouita unakili mtupu. Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Lahani imeazimwa, ni kweli, lakini kazi ya mshairi huanza pale pale lahani inapokataa kukaa sawa na maneno yake.

Chanzo cha ukinzani huo ni namna mbili za kupima. Arudhi ya Kihindi hupima uzito: silabi yenye irabu fupi huhesabiwa moja, na yenye irabu ndefu, au iliyofungwa kwa konsonanti, huhesabiwa mbili. Arudhi ya Kiswahili huhesabu silabi tu, kila moja mizani moja. Mshororo wa shairi la kawaida una mizani kumi na sita, nane katika ukwapi na nane katika utao.

Maneno ambayo lugha zote mbili zimeyapokea kutoka Kiarabu yanaonyesha jambo hili waziwazi. Safar ya Kihindi ina silabi mbili, ya kwanza nyepesi na ya pili nzito, yaani vipimo vitatu. Kiswahili kimeongeza irabu mwishoni, na safari ina mizani tatu. Silabi nzito imegawanyika kuwa mbili, na jumla haikubadilika. Ndivyo ilivyo kwa khabar na habari. Mahali kama hapo mshairi hupata nafasi bila jasho: noti moja ndefu huweza kubeba silabi mbili za Kiswahili.

Dunia ni taabu zaidi. Katika Kihindi uzito wa duniya umo katika irabu ndefu ya mwisho. Katika Kiswahili shada huangukia ni, silabi ya pili kutoka mwisho. Mwimbaji anayefuata lahani ya Kihindi atavuta a ya mwisho, na mkazo wa kimuziki utapingana na mkazo wa neno. Kwa nini basi msikilizaji hachukizwi? Kwa sababu mwisho wa kipande ndiko kunakokaa kina. Silabi ambayo usemi wa kawaida huipitisha haraka, ushairi tayari umeipa uzito wa aina nyingine, na uvutaji wa sauti huudhihirisha. Bila vina, uvutaji huo ungesikika kama kosa la matamshi.

Muundo nao hudai marekebisho. Wimbo wa filamu hufunguliwa na mukhda, kiini kinachorudiwa kila baada ya antara, yaani ubeti. Kibwagizo cha shairi la Kiswahili hukaa mwishoni mwa ubeti. Anayeifuata lahani kikamilifu hulazimika kukitanguliza, na hoja ambayo msomaji angeifikia baada ya mishororo mitatu msikilizaji huipokea mwanzo.

Hili lina uzito kwa uhariri wa matini. Baadhi ya tungo alizoimba Juma Bhalo ni za binamu yake Ahmad Nassir, mtunzi wa Malenga wa Mvita (1971), ambaye mashairi yake husomwa na kufundishwa kama fasihi andishi. Utungo ulioimbwa ukinukuliwa kwa macho ya uchapaji peke yake, mshororo uliopungua mizani huonekana una kasoro, na mhariri hushawishika kuujaza. Kabla ya kuongeza silabi, yampasa asikilize kanda: huenda irabu moja iliyovutwa imekwisha kulipa deni hilo.