Simeon Nyachae: Mwana wa Chifu Aliyesema Hazina Haina Kitu

Majani ya chai tunayoyachemsha sisi watu wa Pwani kwa iliki na tangawizi hayaoti kwetu. Mengine huchumwa Itumbe, katika vilima vya Wagusii, hukaushwa katika kiwanda cha huko huko, kisha hushuka hadi Mombasa kuuzwa mnadani. Basi chai yao twaijua, lakini ni wachache miongoni mwetu wawajuao watu wao.

Nilipofika Itumbe nilitaraji kupewa habari za bei ya majani. Lakini wazee niliowakuta barazani mwa duka walinipa habari za mtu. Walimwita Omogaka, maana yake mzee wa kuheshimiwa. Nao walikuwa wakimtaja marehemu Simeon Nyachae.

Nyachae alizaliwa mwezi wa Februari 1932 huko Nyaribari. Baba yake, Musa Nyandusi, alikuwa chifu mwenye sauti kubwa katika enzi ya Mwingereza. Kwa hivyo mtoto alikua akiona mashauri yakikatwa na kodi ikikusanywa uwanjani kwao. Akaanza kazi ya serikali kama karani, akapanda daraja kwa daraja. Katika zama za Mzee Kenyatta alikuwa Mkuu wa Mkoa, kwanza Bonde la Ufa, kisha Mkoa wa Kati.

Mkuu wa Mkoa wa siku zile, ndugu msomaji, hakuwa mtu wa kuchezewa. Alikuwa macho na mkono wa Rais. Tena mwaka 1971 Tume ya Ndegwa iliwaruhusu watumishi wa serikali kufanya biashara zao, na Nyachae alikuwa mmoja wa waliotajirika wakiwa kazini, kwa mashamba, mikate na usagaji wa unga. Wapo waliomsifu kwa bidii yake, na wapo waliouliza kama mtu aweza kushika rungu la serikali na mizani ya duka kwa wakati mmoja. Swali hilo lingaliko hadi leo.

Rais Moi alimtumia sana. Mwaka 1983 ulipoanza mpango wa kuzipa wilaya kazi ya kupanga maendeleo yao, Nyachae ndiye aliyekuwa fundi wake. Kabla ya hapo, daraja la kijijini lilipangwa na afisa wa Nairobi asiyeujua mto wenyewe. Sasa kamati ya wilaya ndiyo iliyopaswa kusema lipi litangulie. Mwaka 1984 akawa Katibu Mkuu wa serikali nzima. Lakini mapenzi ya wakubwa ni kama maji ya bahari, hujaa na kupwa. Mwaka 1988 alipotaka kugombea Bunge, chama cha KANU kilimzuia. Alingoja hadi uchaguzi wa 1992, akaingia kwa kiti cha Nyaribari Chache, kisha akawa Waziri wa Kilimo.

Hapa ndipo kisa kinapokolea. Januari 1998 alipewa Wizara ya Fedha. Mwaka uliotangulia ulikuwa wa uchaguzi, na walimu walikuwa wameahidiwa nyongeza kubwa ya mishahara. Nyachae alifungua sanduku akakuta deni limekula fedha, akayasema hayo hadharani: nchi haina kitu. Walimu wakagoma mwaka huo huo, serikali ikashikilia kuwa fedha hakuna. Wenzake serikalini hawakufurahi kuona siri ya nyumba ikianikwa. Februari 1999 akahamishiwa Wizara ya Viwanda. Akakataa, akajiuzulu, akaenda kukaa viti vya nyuma. Wahenga walisema, msema kweli hukimbiwa na rafiki zake.

Mwaka 2002 aligombea urais kwa tiketi ya FORD-People. Upinzani ulikuwa ukitafuta mtu mmoja, na Raila Odinga alipomtangaza Mwai Kibaki pale Uhuru Park, Nyachae alikataa kufuata kwa kuwa hakushauriwa. Alipata kura zipatazo asilimia sita, akawa wa tatu. Chama chake kilipata viti 14, vingi vikitoka kwao Ugusii. Sisi Pwani tunaijua hali hiyo tangu siku za marehemu Ronald Ngala na KADU: kiongozi hupendwa kwao, lakini mlango wa Ikulu haufunguki kwa ufunguo wa nyumba moja.

Baadaye Kibaki alimwita serikalini, akashika Nishati mwaka 2004, kisha Barabara. Mwaka 2007 watu wa Nyaribari Chache wakampa kiti mtu mwingine. Alifariki tarehe 1 Februari 2021, siku chache kabla ya kutimiza miaka 89.

Pale Itumbe wazee hawakukubaliana juu yake. Mmoja alisema kuwa kabla yake walikuwako Lawrence Sagini na James Nyamweya, mawaziri wa mwanzo kutoka kwao, lakini Nyachae ndiye aliyewafanya Wagusii wahesabiwe. Kijana mmoja mchuma chai akamuuliza kwa adabu, "Mzee, kuhesabiwa kumeongeza nini katika kilo ya majani?" Mzee akanyamaza kidogo, kisha akamjibu, "Mwanangu, aliyetwambia sanduku ni tupu alituheshimu kuliko waliotwambia limejaa."

Mimi naona wote wawili wana haki. Nyachae hakuwa walii. Alikula matunda ya serikali ile ile aliyokuja kuikosoa, na wakati wa chama kimoja alitekeleza amri ambazo wengi waliumia nazo. Lakini kumwambia mkubwa kuwa fedha hakuna, kisha kukiacha cheo wakati bado kinakubembeleza, ni jambo ambalo viongozi wetu wengi wameshindwa, wa bara na wa Pwani. Cheo ni dhamana. Tumpimeni kiongozi kwa yale aliyoyasema alipokuwa na la kupoteza, kabla hatujampima kwa wingi wa watu waliomshangilia.