Njia ya Umeme Ipangwe Kabla ya Lipu

Nguzo za umeme zimefika katika vijiji vingi vya mkoa wa Tabora. Kazi hiyo imefanywa na TANESCO pamoja na Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2005. Nguzo ikifika watu hufurahi, na ni haki yao. Lakini nguzo huishia nje. Kazi ya kupitisha waya ndani ya shule au duka ni yetu wenyewe. Hapo ndipo makosa mengi hufanyika.

Sisi tuliwahi kufundisha darasa la jioni katika shule moja ya kijiji. Madarasa yake mawili yalijengwa kwa nguvu za wananchi. Wanaume walifyatua matofali, akina mama walibeba maji. Sisi tulikuwa wajumbe wa kamati ya ujenzi. Tulihesabu bati, misumari na saruji. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza, "Je, waya za umeme zitapita wapi?" Lipu ikapigwa, rangi ikapakwa. Umeme ulipokuja, waya ukapitishwa juu ya kenchi bila bomba, ukashuka kando ya dirisha, mahali ambapo maji ya mvua huteremka. Masika ya kwanza, mama mmoja wa darasa letu aligusa swichi, akatupwa chini. Alipona, tunashukuru. Lakini wenzake walikataa kuwasha taa, na darasa likasimama. Kuta zikapasuliwa upya. Fedha ya madawati ikaishia humo.

Tangu siku hiyo tumejifunza jambo hili: njia ya umeme hupangwa kabla ya lipu, siyo baada yake.

TUJIFUNZE KWA MISAFARA

Sisi watu wa Tabora tunazijua habari za misafara. Katika karne ya 19 njia kuu ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Tabora. Hapo iligawanyika. Njia moja ilikwenda Ujiji, nyingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda, nyingine kusini-magharibi. Wapagazi wa Kinyamwezi walisifika sana. Mpagazi mmoja alibeba mzigo wa kilo 30 hivi. Mkuu wa msafara hakuondoka hivi hivi. Alijua kwanza mizigo ni mingapi, wapagazi ni wangapi, na kambi ziko wapi.

Umeme nao ni hivyo hivyo. Waya mkubwa kutoka kwenye mita ni kama njia ya Bagamoyo. Sanduku la kugawa umeme ndilo Tabora yetu. Kutoka hapo, kila waya huenda kwake: huu wa taa, huu wa soketi, huu wa jengo la pili. Tofauti ni moja tu. Msafara ulitafuta maji, lakini waya lazima uyakimbie maji.

HATUA ZA KUFUATA

1. Chora ramani. Chukueni karatasi, mchore vyumba vyote. Wekeni alama mahali pa kila taa, kila swichi na kila soketi. Swichi iwe karibu na mlango, upande wa kitasa, ili mtu asipapase gizani. Sanduku la kugawa umeme liwe mahali pakavu, panapofikika upesi. Lisiwekwe stoo nyuma ya magunia. Likitokea la kutokea, mtu afike mara moja na kuzima.

2. Hesabu mizigo. Nguvu ya kila kifaa huandikwa juu yake kwa wati. Umeme wetu wa kawaida ni volti 230. Gawa wati kwa volti, utapata ampea, yaani mzigo wa waya. Tuseme shule ina madarasa 6, kila darasa balbu 4 za wati 20. Jumla ni wati 480. Ukigawa kwa 230 unapata ampea 2 na kidogo. Sasa tazama birika moja la umeme la wati 2,000. Hilo peke yake linavuta karibu ampea 9! Birika moja la ofisini lina mzigo mara nne ya taa za madarasa yote sita.

3. Gawa njia. Taa ziwe na njia yake, soketi njia yake. Soketi ikileta hitilafu, taa zisizimike na kuwaacha watoto gizani. Shule kubwa igawe taa katika njia mbili au zaidi. Mwenye duka lenye friji ampe friji njia yake. Mashine ya kusaga yenye mota kubwa hutaka umeme wa fezi tatu na njia yake peke yake. Mota ikianza kuzunguka huvuta umeme mwingi kwa ghafla. Usiiunganishe kwenye waya wa duka la jirani.

4. Chagua unene wa waya. Kwa kawaida mafundi hutumia waya wa milimita 1.5 za mraba kwa taa, na wa 2.5 kwa soketi. Mwendo mrefu huhitaji waya mnene zaidi. Tuseme bweni liko mita 60 kutoka ofisini, na waya unabeba ampea 10. Waya wa 2.5 utapoteza volti 11 hivi njiani. Waya wa 6 utapoteza kama volti 4 na nusu tu. Mpagazi mwembamba huchoka njiani.

Kila njia iwe na sakitibreka inayolingana na waya wake. Ikizima mara kwa mara, inatuambia mzigo umezidi. Usiweke kubwa zaidi, wala usifunge fyuzi kwa kipande cha waya. Ukifanya hivyo waya utapata moto ndani ya ukuta, na moto huo hauonekani mpaka umekwisha kuwaka.

5. Pitisha waya kwa mistari iliyonyooka. Waya upande wima au upite sawa na sakafu. Usikate ukuta mshazari. Kwa nini? Kesho mtu atapigilia msumari wa kutundika ramani. Akiona swichi, atajua kuwa waya umepanda juu yake. Ukipita mshazari, msumari utaukuta. Waya zipite ndani ya bomba za plastiki, maana panya hutafuna. Zisigusane na bati. Waya ukichubuka juu ya bati, paa lote laweza kuwa na umeme. Waya wa kwenda jengo la pili ukipita chini ya ardhi, uwe wa aina ya kuzikwa, tena ufukiwe kwa kina pasipofikiwa na jembe.

6. Usisahau waya wa ardhi. Huu ni wa rangi ya kijani na njano. Kazi yake ni kuchukua umeme uliopotea njia na kuupeleka ardhini kupitia nondo maalumu. Udongo mkavu hupitisha umeme kwa shida, na kiangazi chetu ni kirefu. Kwa hiyo fundi apime nondo hiyo wakati wa kiangazi pia. Mwombeni aweke na kifaa kinachokata umeme ukivuja. Kile cha milampea 30 hukata upesi mtu anapoguswa na umeme. Kama shule yetu ingekuwa nacho, huenda yule mama asingetupwa chini.

NANI AFANYE KAZI?

Kuunganisha waya ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA. Mwombeni awaonyeshe leseni yake. Msione haya, fedha ni yenu na watoto ni wenu. Lakini kupanga, kuuliza na kukagua ramani ni kazi ya kamati nzima. Anayejua kusoma anaweza kusoma namba iliyo juu ya waya. Anayejua kugawa anaweza kuhesabu ampea. Ramani ikikamilika, ihifadhiwe ofisini, maana fundi wa kesho ataihitaji.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulijenga ukuta. Ninyi zibeni ufa.

MASWALI

1. Kwa nini taa na soketi zisiwe kwenye njia moja?
2. Pasi ina wati 1,150. Inavuta ampea ngapi?
3. Katika shule ya kijiji chenu, sanduku la kugawa umeme liko wapi? Je, linafikika upesi?