Mzazi anapoua mtoto wake: tribinali inahukumu namna gani?



Mtoto akifa kwa mkono wa baba ao mama yake, kambi inagawanyika. Wengine wanasema: «Naye auawe!» Wengine wanajibu: «Hilo ni jambo la jamaa, tuwaachie.» Sheria ya inchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, inakataa yote mawili. Kumzaa mtoto si ruhusa ya kumuua. Na kosa la mzazi halimpi jirani ruhusa ya kumpiga mawe ao kumchoma moto. Huko ni kuua vilevile.

Jaji anatafuta nini? Kwanza, nia ya mzazi.

- Kama alikusudia kuua na alipanga mbele, Kitabu cha Sheria ya Adhabu cha mwaka 1940 kinaweka adhabu ya kifo.
- Kama alimpiga mtoto bila kutaka afe, lakini mtoto akafa, kifungo kinaweza kufika miaka 20.
- Kama kifo kilitokana na uzembe tu, kifungo ni kifupi zaidi.

Kisha jaji anaangalia kama kuna sababu za kupunguza adhabu, hata ile ya kifo. Akizikubali, anapaswa kuzitaja katika hukumu. Kwa hiyo wazazi wawili wanaweza kupewa adhabu tofauti bila kuwa kuna rushwa. Hukumu inasomwa mbele ya watu wote: nendeni mkasikilize.

Wengine wanajitetea kwamba mtoto alikuwa mchawi. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto uchawi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inaweka kifungo cha mwaka 1 hadi 3 kwa anayemsingizia mtoto hivyo, hata kama hakumgusa.

Viongozi wafanye nini? Kesi ya kuua inahukumiwa na tribinali kubwa (TGI), si baraza la wazee. Mbuzi ao feza wanazopatana jamaa haziondoi kosa. Kwa hiyo:

- Iteni polisi mara moja, na mkinge mshitakiwa asipigwe.
- Watu wasiguse mahali jambo lilipotokea.
- Mashahidi waseme walichoona kwa macho, si walichosikia kisimani.
- Watoto waliobaki wapelekwe kwa ndugu wa kuaminiwa.

Mshitakiwa naye ana haki zake: kuwa na mtetezi, na kukata rufaa katika siku 10 baada ya hukumu kusomwa mbele yake. Kumpa haki hizo si kumdharau marehemu. Ni njia ya kujua ukweli wa kifo chake. Tukikificha kifo cha mtoto mmoja, wadogo zake wanabaki katika hatari ileile.